Mwena Utafika

Mjomba Otmari alikwenda hospitali ya Ndanda kwa kikohozi,
akarudi na picha ya kifua ndani ya bahasha ya kaki,
akaitundika kwenye waya, kati ya tyubu mbili zinazokauka,
ili jua la saa nne lipite ndani yake.
"Unaona?" Akanionyesha kwa spoku.
Mbavu nilizijua. Moyo niliukisia.
Juu yake, pale mshipa mkuu unapopinda kama mpini wa mwavuli,
palikuwa na tumbo.

Daktari, kijana wa Nachingwea, alijiandaa kueleza kwa upole,
alishachora hata mchoro nyuma ya cheti cha dawa.
Mjomba alimkatiza: "Tairi limetoa kitambi.
Nyuzi za ndani zimekatika, upepo unasukuma penye unyonge.
Sasa niambie, fundi mwenzangu, kiraka kipo?"

Kiraka kipo Dar es Salaam.
Kifua hufunguliwa, moyo husimamishwa, bomba la kitambaa hushonwa.
Bei yake daktari aliitaja akitazama sakafu.
Mjomba aliihesabu kwa kilo za korosho,
kisha kwa magunia, kisha kwa mikorosho yenyewe,
ya kwake, ya mama yangu, ya ukoo mzima hadi Chikukwe,
akaacha kuhesabu, akaomba maji.

Tano nukta nane. Sentimita.
Aliiandika kwa chaki ndani ya mlango wa kibanda,
chini ya deni la Mwalimu Nambunga: pampu moja, mnyororo mmoja.
Kila mwaka litaongeza kama punje ya mtama,
na kadiri linavyokua ndivyo linavyozidi haraka.
"Wenye namba yako wasioshonwa, ukifika mwaka wa tano,
wengi hawapo."
"Na wachache?"
"Wachache wapo."
"Wapo wapi?" Mjomba aliuliza,
na daktari akacheka bila kutaka.

Tangu siku ile pampu nilipiga mimi.
Hakunyanyua tena baiskeli, hakugombana na wakopaji
(hilo limetugharimu).
Vidonge vya presha alivimeza na uji.

Mwaka wa kwanza, hakuna kitu.
Hapa ndipo pagumu kusimulia: hakuna kitu.
Haliumi, haliwashi, linakula na wewe, linalala na wewe.
Mwaka wa tatu sauti ilianza kukwaruza,
wateja wakamletea tangawizi.
Alizipokea, akashukuru. Alijua tumbo limeegemea waya wa sauti.
Mwaka wa nne, maumivu kati ya mabega. Akawa analala amekaa.
Daktari kijana akahamishiwa Ruangwa.
Mwaka wa tano ukapita,
na chini ya tano nukta nane Mjomba akaandika neno moja:
wachache.

Watu walipoleta tairi lenye kitambi, wakiuliza litafika,
zamani aliwatania.
Sasa alilipapasa kwa dole gumba, muda mrefu, kama kipofu,
akasema kwa ile sauti yake ya msasa:
"Mwena utafika. Chikundi, nenda polepole.
Masasi sikuahidi."

Ilikuwa Jumanne, mwaka wa saba, mnada wa korosho haujafunguliwa.
Alikuwa anadai chenji ya njugu, shilingi mia mbili.
Akasema "lo," kama mtu aliyesahau ufunguo,
akaweka mkono kifuani, si kwa nguvu.
Sikusikia mlio.
Miaka yote ile nilidhani kutakuwa na mlio.

Msibani walisema, ghafla. Jamani, ghafla hivi.
Nami nilikaa na miaka saba mapajani,
sijui niiweke wapi.

Kibanda ni changu sasa; kwetu mpwa humrithi mjomba.
Daktari mpya ameniita nikapigwe picha,
anasema mambo haya wakati mwingine hufuata damu.
Bado sijaenda.
Jana mama mmoja wa Nangoo kaleta tairi,
kitambi kama yai la kanga.
Nikalipapasa.
Nikamuuliza anakwenda wapi.